Sensa na Udi

Asubuhi moja huku Likoni nilimkuta jirani yangu uani, ameinamia injini ya gari lake, anabadilisha sensa mbovu, kile kihisio cha injini. Gari lilikuwa limewazimikia yeye na mkewe ndani ya feri, na mke akaapa hatalipanda tena.

Mkewe alitoka na chetezo cha udi, akalizunguka gari taratibu kuliondolea husuda, moshi ukielea juu ya boneti.

"Sensa hainusi udi, bibi."

"Wewe kaza skrubu zako."

Mume akaliwasha. Injini ikatulia, na taa ya njano ya onyo ikazimika.

"Waona? Ni sensa."

Mkewe akaniachia chetezo, akapanda. Langoni mume akasimamisha gari, akaniita dirishani, akaninong'oneza: "Jirani, hebu tuzungushie chetezo tena. Twapanda feri."

Jioni, waliporudi salama, mume akanikumbusha kuwa ni sensa. Shati langu lilikuwa bado lanukia udi.