Mbuzi ya Mkono Mmoja

Sadalla alikuwa ametengeneza mbuzi nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na hakuwa amekuna nazi hata moja. Jambo hilo halikuwahi kumsumbua. Pale Pangani, karibu na barabara inayoshuka kwenye kivuko, kila mtu aliijua kazi yake: kigoda kifupi cha mninga kinachokunjika, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Mwanamke hukikalia, akaishika nazi iliyovunjwa kwa viganja viwili, akaizungusha juu ya meno yale, nazi ikadondoka nyeupe kwenye bakuli. Huko Thailand chombo cha kazi hiyohiyo huitwa sungura, na Ufilipino wapo wanaokiita farasi. Pwani hii ni mbuzi, na mbuzi za Sadalla zilisifika kwa kutoyumba. Alizitengeneza vilevile kama baba yake alivyozitengeneza, na hakuna mteja aliyewahi kumwomba abadilishe kitu.

Kisha mkewe, Mwanasiti, akapatwa na kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali ya Tanga akitembea, polepole, akiburuta mguu kidogo. Maneno yalimrudia yote. Mkono wa kulia ndio haukurudi. Ulilala mapajani, mzito, na vidole havikushika kitu. Binti yao Nasma alihamia pale nyumbani na mwanawe mchanga ili awasaidie, akalishika jiko. Alikuwa na haraka zake, mtoto analia, nguo zinangoja, kwa hiyo alinunua tui la pakiti, akakata kona kwa meno na kumimina. Chakula kilikuwa kizuri tu. Mwanasiti alikula matonge machache, akasema ahsante, akasogeza sahani.

Ile ahsante ndiyo iliyomtisha Sadalla. Tangu waoane, mwanamke huyu hakuwahi kumshukuru mtu kwa chakula ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na sasa kiti chake kilikuwa kimehamia barazani, kimelipa jiko mgongo.

"Mama Nasma, si uingie ndani? Hapo jua linakupiga."

"Nipo vizuri. Mgeni hukaa barazani."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Sadalla aliondoka na neno hilo mpaka karakana, akakaa nalo mbele ya benchi lake la kazi, na randa ikabaki mkononi bila kugusa mbao.

Aliamua kwamba tatizo ni urefu. Mbuzi ya kawaida iko chini, na mtu mwenye mguu mbovu akishaketi hainuki. Basi akatengeneza mbuzi ndefu, yenye miguu kama kiti cha kulia chakula. Mwanasiti aliikalia uani ili kumridhisha. Alishika nazi kwa mkono wa kushoto, akaanza kukuna. Bakuli lilikuwa mbali kule chini, upepo ukaichukua nazi, na kuku wote wa mtaa wakaja mbio.

"Leo kuku wamealikwa," alisema. Nazi ikamponyoka, ikabingirika hadi mlangoni. Aliinuka, akajifuta mkono kwenye kanga. "Ahsante, Baba Nasma."

Mbuzi ya pili hakuipa kiti. Aliufunga ulimi wa chuma kwenye ukingo wa meza ili mtu akune akiwa amesimama. Mwanasiti alisimama, akakuna, nazi ikaanguka. Akaiokota, akakuna, ikaanguka tena. Sadalla alikuwa anautazama ule mguu unaotetemeka, na akajiambia kwamba mguu ndio unaomchosha. Mwanasiti alirudi barazani.

Ukuta mmoja na karakana yake alikuwapo Hosea, fundi baiskeli, mtu aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge na ambaye huimba kwaya Jumapili na kuchokoza watu siku zilizobaki.

"Fundi, ukitengeneza nyingine tutafungua duka la mbuzi zilizokataliwa."

"Acha maneno, Hosea."

"Nauliza tu. Mimi nikitengeneza breki, baiskeli naipanda mwenyewe mpaka sokoni. Wewe hizo umezipanda?"

"Nikune nazi, mimi?"

"Kambini, mama akiwa shamba, mimi ndiye niliyekuna. Na ndevu zikaota vilevile."

Sadalla akarudi kwenye randa yake. Lakini mchana, watu walipokwenda kula, alifunga mlango wa karakana, akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akaufunga mkono wake wa kulia kwenye mkanda wa suruali. Alitoa mbuzi ya kawaida, moja ya zile alizozoea kuuza, akaikalia kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Aligundua kwanza kwamba ulimi wa chuma hauna huruma na vidole. Kisha akagundua jambo lililomfanya aache kukuna. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu ya kutosha. Urefu nao haukuwa na kosa kubwa. Hata ubao ulikalika. Taabu ilikuwa katika kitendo kidogo sana, pale unapotaka kuigeuza nazi ili ukune upande mwingine. Mwenye mikono miwili huachia mmoja na mwingine hushika. Mwenye mmoja akiachia, nazi inaanguka. Mwanasiti alikuwa ameangusha nazi mbele ya macho yake, tena na tena, na yeye akawa anatazama mguu.

Mlango ulisukumwa. "Hodi," Hosea alisema akiwa ameshaingia. Alimtazama rafiki yake pale chini, mkono umefungwa, nazi imetapakaa kwenye ndevu. "Nani kakukamata, polisi?"

"Nipe tyubu nyingine. Laini."

Hosea alifungua mdomo aongeze utani, akaangalia tena ule mkono uliofungwa, akaenda kuleta tyubu.

Mchana wote Sadalla alichonga kiganja cha mti, kipana na chenye shimo kama la bakuli, akakipigilia upande wa kulia wa ulimi na kukivisha ule mpira ili nazi isiteleze. Alikuna, akaachia, nazi ikalala pale kwenye kiganja, akaigeuza, akaendelea. Alikosea, akakichonga upya, akakuna tena. Nazi zote alizokuwa nazo ziliisha. Nazi iliyokunwa aliitia kwenye bakuli, akaifunika, akampelekea Nasma kwa mlango wa nyuma.

"Pikia hii. Na usiseme neno."

Nasma akapika samaki wa nazi. Mwanasiti alikula tonge la kwanza. Akatazama mchuzi.

"Nasma, hili si tui la pakiti."

"Hapana, mama."

"Nani kakuna?"

Nasma alianza kumweka sawa mtoto ambaye alikuwa sawa. "Jirani."

"Jirani gani? Pangani nzima hakuna mwanamke anayekuna hivi. Huyu kakuna nyama, kakuna na ile ngozi ya kahawia, nashangaa kaacha kifuu. Tazama tui, kama maji ya mto."

Kisha akaviona vidole vya mumewe, vimechubuka kwenye kila kiungo. Sadalla alivificha chini ya mkeka, akiwa amechelewa. Mwanasiti alianza kucheka, kicheko kilichopinda kidogo upande mmoja wa mdomo, kikaendelea mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Nasma. Wewe?"

"Nilijifunga mkono," Sadalla alisema. "Nilitaka kuona."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Kicheko kikakoma. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akautoa wa mumewe chini ya mkeka, akavikagua vidole kimoja kimoja kama anayechagua mchele.

"Kilete hicho kitu chako nikione," alisema. "Kilete jikoni."

Aliikalia mbuzi mpya, akajaribu kukuna, akakunja uso. Hakusema ahsante.

"Kiganja kiko juu mno. Na ulimi huu umeuweka wima. Mkono wa kushoto unakuja kwa ubavu. Ulaze."

"Kiasi gani?"

"Wewe ulaze, ukifika nitakwambia."

Sadalla akaugonga ulimi kwa nyundo palepale jikoni, kidogo, kidogo tena, hadi mkewe aliposema basi. Mwanasiti akakuna, akaachia, nazi ikalala kwenye kiganja cha mti. Ndipo alipofanya jambo ambalo mumewe hakuwa amelifikiria. Aliubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya kifuu. Haukushika kitu, lakini ulikuwa mzito, na uzito huo ukaituliza nazi wakati mkono wa kushoto ukitafuta pa kushika.

"Na huu si mgeni," alisema.

Kesho yake asubuhi Nasma aliijaribu akiwa amempakata mtoto kwa mkono mmoja, akakuna nazi nzima bila kumlaza chini.

"Baba, mimi naichukua hii."

"Ya kwako atakutengenezea," mama yake alimjibu kabla Sadalla hajafungua mdomo. "Hiyo ina mwenyewe. Inuka."

Nasma akainuka, Mwanasiti akaketi. Alikuna polepole, nazi ikidondoka nyeupe tupu, bila doa la kahawia. Kile kiti cha barazani kilikuwa kitupu. Sadalla alisimama kwenye mlango wa jiko, ameinamisha kichwa, akijaribu kuona kama kile kiganja hakihitaji kupunguzwa kidogo upande wa chini, na kivuli chake kikaangukia bakuli.

"Baba Nasma," mkewe alisema bila kuinua macho, "umesimama jikoni kwangu unatafuta nini? Nenda barazani. Utaletewa."

Akaenda.