Asichomwe

Kama ulipita Dutwa miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kufungua zahanati zao, lazima ulimwona Pelagia. Ndiye yule mwanamke mrefu aliyekuwa akichemsha mabomba ya sindano kwa tabibu Januarius, mstaafu wa serikali aliyegeuza ghala lake la pamba kuwa zahanati ya vyumba viwili. Watu walimwita nesi, ingawa chuo hakukikanyaga. Kazi alijifunzia hapo hapo, kwanza kudeki, halafu kuosha vidonda, mwisho akakabidhiwa sindano. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akina mama walimtaka yeye na kumkimbia Januarius, ambaye alichoma kama fundi anayetoboa kiatu.

Wasichokijua wengi ni kwamba Pelagia hakwenda pale kwa kupenda uuguzi. Alikwenda kwa hasira. Tena hasira ya kweli, si hii yetu ya kununiana leo na kesho tukaombana chumvi.

Mwaka themanini na tisa, msimu wa kuvuna pamba, mwanawe Anyesi alishikwa na homa. Alikuwa na miaka mitatu, msemaji kupita umri wake. Pelagia alimbeba mgongoni hadi zahanati ya serikali, wakakaa kwenye benchi kusubiri zamu. Hapo hapo kwenye benchi mtoto akakakamaa, macho yakapanda juu, povu likatoka. Degedege. Mama mkwe wake, bibi Milembe, aliyekuwa amefuatana nao, alipiga yowe moja akamnyakua mtoto na kutoka naye nje.

Msimlaumu sana Milembe. Upande ule karibu kila mtu aliamini hivyo: homa ni ya hospitali, lakini degedege ni ndege. Hupita juu ya nyumba na kivuli chake humwangukia mtoto. Na ndege hachomwi sindano. Ukimchoma umemfungulia tundu, atatoka na kuondoka na roho ya mtoto.

Anyesi akapelekwa kwa Mashimba, nfumu aliyerithi uganga kwa baba yake na kuheshimiwa mpaka Maswa. Pelagia alipiga magoti mlangoni, akamwita babu kwa Kisukuma. "Guku, nakuomba, mwache achomwe kwanza, halafu utamtibu."

Mashimba wala hakumtazama. Alisema neno moja tu, "Asichomwe," akaagiza moto uletwe. Wakamfunika mtoto nguo na kumfukiza kwa moshi wa mavi ya tembo. Anyesi alikohoa, akakohoa, na kabla jua halijazama akanyamaza.

Hayo yote pengine Pelagia angeyameza. Lakini siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mbichi, Mashimba alisimama mbele ya watu akasema dawa yake haikushindwa. "Mama ndiye aliyemchelewesha," alisema. "Alianzia kwenye sindano." Watu wakaitikia kwa vichwa, na Pelagia akawa mama aliyemuua mwanawe. Mumewe Ngusa alimwambia asahau, watapata mwingine. Hawakupata mwingine.

Bonge moja la mavi ya tembo lilikuwa limebaki. Mashimba alilitoa lifukizwe nyumbani ili ndege asirudi. Pelagia alilificha, akalitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga. Alipopata kazi kwa Januarius alikwenda nalo, akaliweka rafuni nyuma ya chupa za spiriti. Alitaka jambo moja tu duniani: Mashimba aseme kwa kinywa chake, watu wakisikia, kwamba ni yeye aliyemchelewesha mtoto.

Alisubiri miaka mitano.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio, asubuhi. Januarius alikuwa amepanda baiskeli kwenda Bariadi kufuata dawa, na benchi la nje lilikuwa limejaa. Pelagia akasikia mtu akibisha mlango wa nyuma. Alipofungua, alimkuta Mashimba, amezeeka, amembeba mtoto ndani ya shuka.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu kwa sauti ya chini, akimwita mama.

"Mwangaluka, guku."

"Huyu ni mjukuu wangu, Ndaki. Mwili unawaka tangu juzi. Nimemfukiza siku mbili, ndege haondoki. Mchome hapa hapa, mayu, watu wasituone."

Pelagia aliugusa mwili wa mtoto. Ulikuwa moto hasa. "Huku nyuma tunamwagia taka, guku," alisema. "Wagonjwa wanapita mbele." Akafunga mlango.

Mzee akazunguka. Alipotokea mbele, benchi lote liligeuka kumtazama. Nani asiyemjua Mashimba? Alipofika mezani mtoto akakakamaa mara ya kwanza, akatetemeka, akalegea. Kwinini ilikuwa tayari. Pelagia alikuwa ameshaivuta kwenye bomba wakati mzee anazunguka nyumba, na bomba lilikuwa chini ya kitambaa cheupe karibu na mkono wake. Badala yake mkono ulikwenda rafuni. Akaliweka lile kopo mezani, akalifungua.

"Unalitambua?"

Mashimba alichungulia. Alilitambua.

"Lilibaki kwa Anyesi wangu. Halijaharibika. Basi chagua, guku. Hili, au sindano? Sema watu wasikie."

"Mayu, mtoto..."

"Namwona."

"Nesi, mchome jamani!" akasema mama mmoja kutoka kwenye benchi.

"Nimchome nani? Mwenyewe hajasema. Degedege haichomwi, si ndivyo mlivyofundishwa nyote?"

Mzee alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kope. Ndaki akakakamaa tena, safari hii kwa muda mrefu, midomo ikabadilika rangi. Pelagia alijua vizuri kinachotendeka ndani ya kichwa cha mtoto wakati kama huo. Januarius alimfundisha. Alijua, akasimama tu, na alisikia raha. Niseme nini tena? Alisikia raha ambayo hakuipata tangu amzike binti yake.

"Achomwe," Mashimba alisema.

"Sijasikia."

"Achomwe!" Mzee alipaza sauti, na sauti ikamkatikia.

Ndipo akachoma. Kufika adhuhuri homa ilikuwa imeshuka na mtoto amefumbua macho. Mashimba akambeba akaondoka kimya, bila kusema lile neno jingine ambalo Pelagia alilisubiri. Lakini Pelagia alijifariji kwamba uganga wa yule mzee umekwisha. Nani atamfuata mganga aliyelia kuomba sindano mbele ya gulio zima?

Walimfuata wote! Haukupita mwezi, habari zikazagaa kwamba Mashimba amekomaa, sasa anatambua mpaka ndege anayetaka sindano. Ua wake ukajaa kuliko zamani. Yeye naye, kila alipoletewa mtoto wa degedege, alimtuma kwanza zahanati, moshi baadaye. Akina mama walikuja mbio, mtoto begani, wakisema, "Mashimba kasema achomwe." Watoto wengi walipona hivyo, na Pelagia akawa anachoma kwa amri ya Mashimba. Hata kukasirika hakuweza, maana angemkasirikia nani, na wale watoto wanapumua?

Mvua za kwanza zilipoanza, mzee alirudi, akimshika Ndaki mkono. Siku hiyo Januarius alikuwepo. Mtoto alikuwa mnene, ana afya, anachekacheka. Januarius alisimama nyuma yake akapiga makofi. Ndaki hakugeuka. Akapiga sufuria kwa kijiko, hakugeuka.

"Degedege ikirudiarudia kabla mtoto hajapata dawa, inaweza kuacha alama kama hii," Januarius alisema. "Siku ile mlikawia wapi?"

Pelagia alikuwa ameshika kadi na kalamu. Mashimba aliinua macho, akamtazama usoni kwa muda, kama anavyotazamwa mtu ambaye siri yake inajulikana. Pelagia akangoja kutajwa. Mlango ulikuwa wazi, na benchi la nje lilikuwa limejaa watu.

"Mimi ndiye niliyemchelewesha," mzee alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Nilimfukiza siku mbili."

Ni yale maneno yenyewe, kutoka kinywa kile kile, mbele ya watu.

"Basi andika hivyo, nesi," Januarius akamwambia.

Akaandika: alicheleweshwa na babu yake. Ndaki, ambaye hakusikia lolote, alisogea mezani kutazama kalamu inavyokwenda.