Kinga ya Meno ya Binamu

Nilikuwa kidato cha pili nilipotoka Kimwani, Muleba, kwenda kuishi Kibeta, pembeni mwa mji, kwa shangazi, dada wa baba. Mbele ya mama alisema, "Huyu nitamlea kama wangu." Mama akaamini. Mimi pia niliamini, ndiyo maana hasira yangu haijaisha hadi leo.

Shangazi alikuwa na binti wa rika langu. Tulipendana, nisiseme uongo. Yeye alisoma shule ya kulipia, mimi ya kata. Yeye aliamka kunywa chai, mimi niliamka kuichemsha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe nilipewa siku ileile niliyofika. Nguo zake zikimbana zilikuja kwangu, na bila kujisifu, zilinipendeza kuliko yeye.

Mwaka wa mitihani ya kidato cha nne, taya zetu sote wawili zilianza kulia. Tukipiga miayo, kiungo kilicho mbele ya sikio kinagonga, ko! Asubuhi tulishindana la nani limelia zaidi, tukacheka. Kisha kicheko kikaisha. Tulikuwa tunasaga meno usingizini, tunaamka na maumivu toka sikioni hadi shingoni. Hata ndizi za kuchemsha nilizitafuna kwa upande mmoja.

Shangazi akampeleka binti yake kwa daktari wa meno mjini. Mimi nilikwenda kuwasindikiza. Daktari alimbonyeza mashavu, akamwambia afungue na kufunga kinywa, akasema kiungo cha taya kimechoka kwa kusaga meno. Halafu akaniona nimekaa pembeni nimeshika shavu.

"Na huyu?"

"Huyu ametoka shamba," shangazi akacheka. "Ana meno ya kuvunjia mifupa."

Daktari hakucheka. Akamgeukia binamu yangu. "Mnalala chumba kimoja? Naye anasaga meno?"

Nikamtazama. Alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akinitikisa usingizini niache kusaga. Alimwangalia mama yake kwanza, kisha akasema, "Hapana. Yeye hana shida."

Mtaniuliza kwa nini sikujisemea. Mnaouliza hivyo hamjawahi kulishwa na mtu. Lakini yeye alikuwa kwao, na neno moja lake lingetosha. Shangazi sikumtegemea sana, binamu nilimtegemea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alitengenezewa kinga ya plastiki iliyofuata umbo la meno yake, awe anaivaa akilala. Baada ya miezi michache akapewa mpya. Ile ya zamani shangazi aliichemsha kwenye sufuria, akaniletea ndani ya kikopo.

"Usije ukasema sikujali. Bado nzima kabisa hii."

Kwake ilikuwa kama sketi tu, imembana mmoja inamfaa mwingine. Nami niliivaa, tena kwa hamu, maana nilitaka kupona. Ilishika upande mmoja, upande wa pili ikaning'inia. Wiki ya tatu niliamka kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa kidole. Nilimwonyesha shangazi. Akasema ni woga wa mitihani, kitaachia chenyewe.

Hakikuachia. Mitihani ilipokwisha shangazi alitupeleka Kimwani, mimi na binti yake. Kumbe alishampigia mama simu kwamba nimetibiwa mjini na nimepewa kifaa cha meno. Mama alikuwa amekaanga senene, akampa shangazi sahani ya kwanza kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia.

"Piga magoti, waitu mwanangu, umshukuru shangazi yako."

Nikapiga magoti. Neno lilitoka puani, halikueleweka.

"Sema tusikie!"

Nikajaribu tena, taya likagoma, maumivu yakanitoa machozi. Nilimtazama binamu yangu. Safari hii aliyehitaji kuambiwa ukweli hakuwa daktari, alikuwa mama yangu. Akainamia sahani yake, akaendelea kutafuna.

Mama aliona aibu. Hakunionea huruma, alinionea aibu, na hilo liliniuma kuliko taya.

"Umsamehe, wifi," alisema. "Mji umemharibu. Siku hizi hata kufungua mdomo ashukuru anaona tabu."

"Mimi nimeshamzoea," shangazi akajibu, akaongeza senene.