Chatu Chini ya Shati

Joto la Bariadi mwezi wa kumi linaweza kuivisha ugali bila kuni, na mkoa mzima wa Simiyu ni mimi peke yangu niliyevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimebanwa. Wenzangu mahakamani walidhani ni ulokole. Niliwaacha. Chini ya shati, kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, alilala chatu wa wino mweusi, ulimi nje. Alinichora fundi mmoja wa mnadani Dutwa, enzi nacheza ngoma ya nyoka. Kundi letu zima tulichorwa hivyo. Tulicheza mpaka ng'ombe wanaacha majani kututazama.

Baadaye nikasoma shule ya jioni, nikiwa mzee kuliko mwalimu wa hesabu, nikapata cheti na ukarani wa majaribio. Siku ya kwanza hakimu aliniambia, "Karani, watu wanaokuja hapa wanaogopa uchawi kuliko sheria. Wakituona na hirizi, chale au hayo matatuu, nani ataamini hukumu zangu? Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mheshimiwa," nikasema, na chatu akaanza kuwasha.

Ikaja kesi ya wizi wa ng'ombe kutoka Nkoma. Mshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana, mtu wa sauti laini, anayesalimia hadi milango. Shahidi alikuwa mmoja tu, mama mjane aliyemwona akiswaga mifugo ya watu. Kwa hofu mama alishahamia kwa ndugu zake. Wito wake niliuandaa mimi, kwa hiyo nilijua alipo.

Siku moja alipokuja kuripoti, nampa mshtakiwa kalamu asaini, shati likapanda. Akauona ulimi wa chatu. Hakushtuka. Alifungua kifungo chake mwenyewe, akanionyesha. Chatu yule yule, fundi yule yule.

"Kumbe wewe wa nyumbani," akasema.

Kesho yake akanifuata kwenye kibanda cha chai.

"Wangaluka, ndugu yangu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Wangaluka."

"Yule mayu anakaa wapi siku hizi?"

"Mama yupi?" Nikacheka. Mimi hata msibani hucheka.

"Nataka kumsalimia tu."

"Si utamsalimia mahakamani?"

"Pale watu wengi mno." Akachukua kijiko, akakoroga chai yangu mimi, taratibu. "Ijumaa utaniambia. Usiponiambia, nitamwonyesha hakimu mkono wangu, halafu nimwombe atazame wako."

Chai ile sikuinywa. Nilifikiria kumdanganya, nimtume kijiji cha Kiloleli akazunguke mpaka viatu viishe. Lakini Kiloleli nako kuna akina mama wajane.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa hakimu, nikakunja shati hadi kiwiko na kumweleza yote. Alimtazama chatu muda mrefu, nikadhani anasubiri atambae.

"Umemwambia alipo?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Humu ndani kuna mwingine mwenye mchoro huu?"

"Sijui, mheshimiwa. Tulikuwa wengi."

Akainuka, akafunga dirisha, ndipo akawapigia polisi simu. Alipomaliza hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. "Nenda nyumbani," akasema. "Usirudi mpaka nikuite."

Jioni ile mama alihamishwa tena. Wapi, sikuambiwa, nami sikuuliza. Mshtakiwa hakuonekana Ijumaa wala baadaye. Dhamana imefutwa, anatafutwa. Hakimu hajaniita bado. Nashinda nyumbani na fulana, mkono wazi, nikiwachekesha majirani mpaka wanashika mbavu. Ila pikipiki ikipunguza mwendo karibu na uzio wangu, nazima redio, nasikiliza kama itapita.