Asizidi Goti

Praxeda alichagua jike. Alichagua mchana kweupe, akiwa na akili zake zote, na hakuna aliyemlazimisha.

Walikuwa barazani, katika nyumba ile ya Raskazone ambayo kuta zake za upande wa bahari zilikuwa zimeanza kubanduka chokaa. Mama Helga alikuwa ameketi juu ya sanduku lililokwisha kufungwa kamba, na mbwa wake wawili wamelala miguuni pake. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri. Wazungu wale walikuwa wanarudi kwao, na ndege ilikuwa imekubali mbwa mmoja tu.

"Mimi siwezi," Mama Helga alisema, macho yamemwiva kwa kulia. "Wewe ndiye uliyewalea. Chagua wewe, Praxeda. Ubaki na Maksi au ubaki na Lola?"

Walikuwa mbwa wa mbegu ndogo, wekundu kama udongo wa Muheza, mwili mrefu uliowekwa juu ya vijiguu vya kuazima. Mwinyijuma, Mdigo wa Moa aliyelinda nyumba ya jirani, aliwaita mbuzi za kukunia nazi. Alisema kilichokosekana ni mtu wa kuwakalia tu.

Praxeda aliwapikia mbwa hao miaka yote ya foleni. Miaka ile sabuni ilikatwa vipande, sukari ilikuwa hadithi, na yeye mwenyewe alikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, uliomkwaruza koo. Kila Jumamosi aliwakatia Maksi na Lola nyama, vipande vidogo visivyo na mfupa, na Mama Helga alisimama nyuma yake kuangalia kisu. Siku moja Praxeda alijisahau akalamba kidole. Mama hakumgombeza. Alimwambia kwa upole akanawe, kwa sababu mate ya binadamu yana vijidudu ambavyo mbwa hawajavizoea.

Sasa mama yule yule alikuwa akimpa ahadi. "Atakayebaki ataendelea kuilinda nyumba. Maadamu mbwa wangu yuko hapa, na wewe utakaa kwenye chumba chako cha uani. Nimekwisha kumwambia Mzee Esmailji. Atakuwa anawaletea unga na dagaa."

Mzee Esmailji alikuwa na duka mtaa wa Usagara, na ndiye aliyeachiwa funguo.

Chumba cha uani kilikuwa na dirisha moja la nondo na kuta zilizotoka jasho wakati wa masika. Praxeda hakuwa na kingine. Mumewe alikuwa amekufa, na kule Muheza kaka zake walikuwa wamegawana michungwa ya baba yao hadi ukingoni mwa kaburi, wasimwachie pa kutandika mkeka. Alijua, kama ajuavyo kila aliyekulia kwenye mifugo, kwamba ukigawiwa mbuzi mmoja huchukui beberu. Beberu ni kitoweo cha sikukuu. Jike ni mtaji. Jike lingezaa, mtoto wake angezaa, na mlango ule wa uani usingefungwa mbele ya uso wake mpaka afe.

"Nibaki na Lola," alisema.

Mama Helga alimbusu Lola mdomoni. Praxeda alipewa mkono.

Gari lilipokwisha kukata kona, Mwinyijuma alichungulia juu ya ua. "Dada Praxeda, mke umeachiwa, mume kapanda ndege. Huyo atazaa na nani? Na upepo?"

Ndipo Praxeda alipokaa chini, pale pale kwenye ngazi ya baraza.

Lola alipotaka dume, mbwa koko walitoka sokoni na ufukweni wakalala nje ya lango, ndimi nje. Watu waliokuwa wakienda kuswali walipandisha kanzu zao wakamtukana mwenye nyumba. Praxeda aliwamwagia mbwa wale maji ya moto; mbegu ya barabarani hakuitaka. Alimfungia Lola jikoni, na Lola alipolia alimpiga kwa mwiko. Msimu ukapita, na uliofuata ukapita vivyo hivyo. Lakini pua ya Lola ilikuwa inaota mvi na meno yalianza kumtoka.

"Bibi kizee huyo," Mwinyijuma alisema. "Akifa, Mzee Esmailji akija utafanyaje? Utabweka wewe?"

"Funga domo lako, Mwinyijuma."

"La kwangu nafunga. Omba Mungu Lola asifunge la kwake."

Mbwa koko waliporudi tena, Praxeda alisimama langoni akawatazama mmoja mmoja, kama mzazi aliyejiwa na wachumba. Alimchagua aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwekundu pia, akamfungulia. Huyo mdogo wao alikuwa mkubwa mara mbili ya Lola. Lola alikimbilia chini ya karo la kufulia. Praxeda akamvuta, akamshika shingo, akamshikilia mpaka ikaisha.

Mimba ile ilimshusha Lola tumbo hadi likaburura sakafuni. Siku ya kuzaa alianza kuhangaika alfajiri, na adhuhuri alikuwa bado. Mwinyijuma aliruka ua bila kuitwa, mkono ameuvika mfuko wa plastiki uliopakwa mafuta ya nazi.

"Mlango wa kibanda, mgeni wa jumba," alisema, safari hii bila kucheka. Akavuta. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alitoka akipumua, dume, kichwa kikubwa. Lola alimlamba mara moja, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, akakata roho. Mwinyijuma alikwenda kuosha mkono kwa udongo na maji, akirudia na kurudia kama dini inavyomtaka, akinung'unika kwamba najisi yote hiyo ni kwa ajili ya mbuzi ya nazi.

Praxeda alimzika Lola nyuma ya karo. Alimlisha mtoto kwa kitambaa kilicholowa maziwa, akimlaza mapajani na kumpapasa mgongo ili acheue, na kwa majuma yale machache alimpenda kwa namna mtu anavyolipenda paa la nyumba yake.

Mzee Esmailji alikuja amevaa kanzu nyeupe na kofia yenye ukingo wa dhahabu. Alitembea na mwavuli hata wakati wa jua, wa kumzuia mbwa asimguse.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lola wapi?"

"Amekufa kwa uzazi, Mzee. Ameacha mtoto. Huyu."

Mzee alimtazama kiumbe yule. "Baba yake nani?"

"Mzee wangu, hata wanadamu wengine hawawajui baba zao."

Esmailji alicheka mpaka kofia ikasogea. Kisha akaacha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amana, na mtu wa amana hagawi huruma kwa mali ya mwingine. "Sikiliza. Mama alisema mbwa wake. Mtoto wa mbwa wake ni mbwa wake, hilo nitakutetea. Lakini awe kama mama yake. Akiwa mbwa wa barabarani, sina neno la kumwambia yule mama, na chumba nitakipangisha." Akagusa goti lake kwa mpini wa mwavuli. "Asizidi hapa."

Basi Praxeda akaanza kumnyima.

Alipunguza dagaa, kisha unga, kisha akabakiza maji yaliyooshewa sufuria. Nje ya ua dunia ilikuwa imegeuka. Maduka ya Usagara yalikuwa yamejaa tena mchele, mafuta na sabuni za kunukia, na mitumba ilining'inia kama umati usio na vichwa. Mwaka wa dhiki mbwa walikula nyama katika ua ule. Mwaka wa neema mbwa alilamba ukuta kutafuta chumvi.

Mwinyijuma alimpa jina la Mrefu, kwa dhihaka. Lakini mifupa ina ukaidi wake. Mbavu zilihesabika, manyoya yalinyonyoka, na miguu bado ikaenda juu.

Praxeda akatafuta fimbo. Alitundika langoni shuka nyeupe kama kanzu ya Mzee, na kila mara mbwa aliposimama kuitazama alimchapa mgongoni hadi akalala tumbo chini. Akafanya hivyo leo na kesho, kwa subira ya mtu anayesuka ukili. Mwishowe fimbo haikuhitajika. Mrefu akiona kitu cheupe, hata kanga ya jirani kwenye kamba, alijibwaga chini akatambaa.

"Vizuri," Mzee Esmailji alisema alipokuja. "Mnyenyekevu kama mama yake." Mwezi uliofuata alisema hivyo hivyo, na mwingine pia, akaweka mfuko wa unga barazani akaondoka. Praxeda alikula unga ule peke yake, mlango wazi, mbwa akimtazama.

Jambo moja hakulijua. Mwinyijuma alikuwa na ulimi wa upupu, na moyo ambao hakutaka watu wauone. Kila adhuhuri alipomaliza kula alikwaruza sufuria yake na kusukuma vichwa vya samaki chini ya ua. Praxeda aliona tu kwamba mbwa ananenepa kwa hewa. Akazidisha fimbo.

Kisha siku moja Mzee Esmailji alichelewa dukani, akafika wakati wa chakula cha mchana. Mrefu aliiona kanzu, akalala chini. Mzee alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo ng'ambo ya ua sufuria ikakwaruzwa.

Masikio yaliinuka kwanza. Kisha kichwa. Kisha mbwa mzima akasimama, miguu mirefu inatetemeka, akautazama ua. Mgongo wake ulikuwa umelipita goti la mzee kwa kiganja kizima.

"Mrefu!" Mwinyijuma aliita, asijue nani yupo. "Wee Mrefu! Njoo ule, mwanaharamu!"

Praxeda akapiga magoti. Akaweka mkono mgongoni mwa mbwa, akakandamiza.

"Toa mkono, Praxeda," mzee alisema taratibu.

"Ni mfupi huyu, Mzee. Anasimama vibaya tu." Akaongeza mkono wa pili.

"Toa mkono."

Hakutoa. Mbwa akageuza kichwa kumtazama. Tangu siku za kitambaa cha maziwa, mgongo ule haukuwa umeguswa na kitu chochote isipokuwa fimbo. Sasa palikuwa na viganja viwili, vya moto, vizito, na havikuinuka kupiga. Akaanza kutikisa mkia.