Kumbikumbi wa Bibi Kwenye Taa za Uwanja wa Ndege

Mimi huandika sentensi moja mara nyingi mpaka yenyewe inachoka. Kwa hiyo majirani waliponichagua niseme na meneja wa uwanja wa ndege kwa niaba yetu, niliandika na kufuta wiki nzima. Shule niliishia njiani. Sheria nilijisomea kwenye simu. Niliandaa hoja ya kelele, ya vumbi na ya uzio. Hoja ya bibi yangu niliiacha, kwa sababu niliionea aibu.

Hoja yenyewe ni hii. Nyuma ya nyumba, kando ya kahawa, kuna kichuguu alichoachiwa Bibi na mama mkwe wake. Mvua za kwanza zikinyesha kilikuwa kinampa kumbikumbi, na kwa meno aliyobakiza, hiyo ndiyo nyama pekee anayoiweza. Tangu uwanja uwashe taa kubwa, kumbikumbi wakitoka tu wanavuka uzio na kuangukia huko. Asubuhi wanafagiwa na kutupwa.

Meneja alikuja ofisi ya kijiji, akatusikiliza. Kelele atazifikisha kwa wakubwa wake. Vumbi, barabara itamwagiwa maji kiangazi. Uzio hausogei. Nikashukuru, nikaketi.

"Mume wangu, hujamaliza," Bibi akasema kutoka nyuma, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Watu wakacheka. Nikasimama tena, jasho kwapani, nikasema kwa sentensi mbovu kuliko zote nilizowahi kutamka kwamba taa zake zinachukua kumbikumbi wa bibi yangu.

Meneja akaweka kalamu chini.

"Shikamoo, Bibi. Mimi Mhaya. Kwetu taa tunawasha makusudi, tukamate senene."

"Marahaba. Senene si panzi tu?"

"Panzi wana nyama, Bibi. Hao wenu mabawa matupu."

"Kama ni mabawa matupu, nirudishie."

Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akafuta macho.

"Vichuguu viko vingi," meneja akasema. "Utajuaje ni wa kwako?"

"Na wewe utajuaje si wangu?"

Hapo akakiri kwamba kumbikumbi wanamsumbua hata yeye. Kukipambazuka, kunguru na mwewe wanajaa uwanjani kuwala, na rubani hawezi kutua katikati yao. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumekubaliana: mvua ikinyesha jioni, alfajiri wanawake wachache wataingia na mlinzi, wawafagie na kuwabeba wote.

Nilitaka kuyaandika makubaliano upya, yanyooke. Bibi akaninyang'anya karatasi akampa meneja asaini.

Mvua ilipokuja nilimsindikiza. Walimvalisha kizibao cha njano kilichomfika magotini, akawa anacheka peke yake huku ndoo ikijaa. Konzi ya kwanza aliila palepale, amesimama kwenye lami, na mlinzi alipomhimiza watoke kabla ndege ya asubuhi haijafika, akamnyooshea kiganja naye aonje.