Betri Kwanza, Lebo Baadaye

Saa mbili kasorobo asubuhi, foleni ya mlango namba nne imeshakata kona na kufika karibu na vyoo. Ndege imejaa. Mabegi ya mkononi ni mengi kuliko nafasi za kuyaweka juu ya viti, kwa hiyo mengine lazima yashushwe chini kwenye mizigo.

Mwanamke mwembamba, koti lake la kazi limemzidi mabega, anaifuata foleni akiwa na bunda la lebo za njano. Mkononi amevaa tepu nyeusi ya mafundi umeme, ile ya mviringo, kama bangili. Wenzake humwita Dada Tepu. Jina hilo haliko kwenye kitambulisho chake, lakini ndilo analoitikia haraka.

"Shikamoo baba," anamwambia mzee mwenye begi la kahawia. "Begi lako litashuka chini. Kabla sijalifunga lebo, nitolee betri zote zilizomo."

"Marahaba. Betri sina, mwanangu. Nina moyo tu, nao umechoka."

"Moyo panda nao. Begi tulitazame."

Mzee anacheka na kufungua zipu. Chini ya taulo kuna pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu. Pembeni yake kuna betri mbili za kamera.

"Kumbe," anasema mzee. "Begi alilipanga mama watoto."

"Wote husema hivyo," anamjibu Dada Tepu.

Anaipokea pawabenki kwa viganja viwili. Anasoma maandishi madogo yaliyo mgongoni, yanayoeleza ina nguvu kiasi gani, kisha anapitisha kidole gumba katikati yake kuona kama imevimba. Betri za kamera anaziziba ncha za chuma kwa vipande vya tepu, zisije zikagusana na funguo au sarafu. Vyote anamrudishia mwenyewe, akae navyo kwenye kiti. Baada ya hapo ndipo anapokata lebo.

Mpangilio huo ndio kazi yake yote. Betri kwanza, lebo baadaye.

"Lebo ikishafungwa, mtu anasahau begi lake," anasema. "Macho yanahamia kwenye ndege. Ukimuuliza wakati huo atakujibu hapana, ili apite tu. Lakini nikiwa bado nimeishika lebo, ananisikiliza."

Wengi humuuliza kwa nini kitu cha hatari kikae karibu na watu badala ya kupelekwa mbali nao. Ameshalijibu swali hilo mara nyingi, na hachoki.

"Juu kuna watu wenye macho, pua na maji," anasema. "Betri ikianza kutoa moshi, mtu wa kiti cha jirani ataona, ataita wahudumu, na wao wamefundishwa la kufanya. Kule chini kuna masanduku tu. Sanduku haliwezi kuita mtu."

Hakuyajua hayo kwa kusoma. Kabla ya kuajiriwa na kampuni inayohudumia ndege, kwa miaka sita alikaa kwenye kibanda cha kaka yake, fundi simu. Yeye alikuwa akipokea simu na kuandika majina ya wenyewe.

Siku moja mteja alileta simu ambayo mfuniko wake ulikuwa umejiinua. Betri ndani ilikuwa imefura. Kaka yake alikuwa na haraka, akaing'oa kwa ncha ya kisu.

"Ilitoa sauti kama ya mtu anayepuliza chai ya moto," anakumbuka. "Fuuu. Sauti ndogo tu. Halafu ukaja moto."

Kaka yake bado ni fundi, na bado wanaishi nyumba moja, yeye, kaka na wifi yake. Tangu siku hiyo, vidole viwili vya mkono wa kulia wa kaka havikunjiki. Nyumbani hakuna anayelala na simu inayochaji chini ya mto, na wifi yake humtania kwa hilo.

"Wifi huyu," anasema mke wa kaka, akiwa anakunja nguo sebuleni, "tukimwacha, hata jiko atalibandika tepu."

"Jiko lina mtu wa kuliangalia," anajibu Dada Tepu bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

Daftari hilo alilinunua baada ya kisa kilichotokea miezi mitatu na nusu iliyopita, ambacho bado kinamnyima raha.

Siku hiyo pia ndege ilikuwa imejaa. Muda ulikuwa umebana, na msimamizi wake, mwanamume mpole anayependa kutazama saa, aliamua kumsaidia. Alipita kwenye foleni haraka haraka akifunga lebo kwenye mabegi. Dada Tepu alipofika, mabegi kumi na moja yalikuwa tayari na lebo, na vijana wa mizigo walikuwa wameshaanza kuyabeba.

"Nilitaka kuyafungua upya," anasema. "Nikaona watu wananitazama. Nikasema, ah, bosi ndiye aliyefunga, mimi ni nani? Nikauliza kwa sauti, 'Jamani, kuna mwenye betri humu?' Wote wakatikisa kichwa. Nikaridhika. Hilo ndilo kosa langu. Msimamizi alikosea la kwake, na mimi nilikosea la kwangu."

Abiria wa mwisho kupita alikuwa mfanyabiashara aliyevaa koti la kijivu. Kwenye mfuko wa koti ulining'inia waya mfupi wa kuchajia. Upande mmoja ulikuwa kwenye simu yake. Upande wa pili haukuwa umeunganishwa na kitu.

"Kaka," akamwita. "Mwenzake waya huo yuko wapi?"

Yule bwana akapapasa mifuko. "Aa. Pawabenki si imo kwenye begi? Lile mlilochukua."

Begi lilikuwa limeshapakiwa. Mlango wa ndege ulikuwa unakaribia kufungwa. Mkataba wa Dada Tepu ulikuwa umebakiza wiki mbili kumalizika, na katika kampuni yao, kila dakika ya kuchelewesha ndege huandikwa pamoja na jina la aliyeichelewesha.

Alijua kwamba pawabenki nyingi husafiri salama bila kufanya lolote. Alijua pia kwamba akinyamaza, huenda hakuna ambaye angejua kamwe.

"Nikakiangalia kile kidaraja cha kuingilia ndege. Mama mmoja alikuwa bado anasukuma kigari cha mtoto. Nikashika redio."

Ndege ilichelewa dakika ishirini na sita. Vijana wa mizigo walishusha karibu nusu ya masanduku yote juani kulitafuta begi moja. Mmoja wao alimwambia, "Dada Tepu, leo umetukomesha." Abiria walilalamika. Mwenye begi alilalamika kuliko wote.

Ndani ya begi, katikati ya mashati, zilikuwamo pawabenki mbili. Moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na tumbo, na plastiki yake ilikuwa imeachia ubavuni.

Ile nzima, mwenye begi alipanda nayo. Iliyovimba haikuruhusiwa kusafiri kabisa, si chini wala juu. Msimamizi aliipokea na kuiondoa kwa utaratibu wao.

"Haikuwaka," anasema Dada Tepu, kana kwamba anataka jambo hili lieleweke vizuri. "Haikuwa hata na joto. Labda ingefika salama. Sitajua. Ndiyo kazi hii ilivyo. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na huna cha kumwonyesha mtu."

Alipewa barua ya onyo. Ilisema kwamba aliruhusu mabegi bila kuyakagua, na kwamba alichelewesha ndege. Yote mawili yalikuwa kweli, kwa hiyo akatia sahihi.

Mkataba wake haukuvunjwa. Uliongezwa miezi mitatu badala ya mwaka, na miezi hiyo inaisha Ijumaa ya wiki hii. Kama atabaki au ataondoka, itategemea maoni yatakayoandikwa na msimamizi wake.

Katika miezi hiyo amefanya jambo moja ambalo hakutegemea angethubutu. Alikwenda ofisini kwa msimamizi, akasimama karibu na mlango, akaomba lebo zisifungwe tena kabla ya betri kutolewa. Hata kama foleni ni ndefu. Hata kama anayefunga ni bosi.

"Itatupotezea muda," msimamizi alimwambia.

"Itatupotezea dakika nne, bosi. Nimehesabu. Ile siku tulipoteza ishirini na sita."

Msimamizi alisema atafikiria. Hilo ni neno ambalo wafanyakazi wa pale wamelizoea.

Jioni, Dada Tepu hukaa kwenye meza ya kaka yake kibandani, kati ya bisibisi na vioo vya simu vilivyopasuka, na kujisomea. Anajiandaa kwa mtihani wa bidhaa za hatari. Daftari lake limejaa hesabu za wati-saa, kipimo cha nguvu ya betri: betri ipi inapita, ipi inahitaji ruhusa ya shirika la ndege, ipi hairuhusiwi kabisa. Kaka yake humwuliza maswali kwa kutumia betri halisi, akiziinua moja moja kwa vidole vitatu vinavyokunjika.

Akifaulu, anataka awafundishe wafanyakazi wapya. Si mambo mengi. "Nitaanza na mikono," anasema. "Mtu ajue jinsi ya kuipokea betri, aione, aiguse tumbo. Na ajue kwamba lebo inakuja mwisho. Hata nikiondoka Ijumaa, hilo nataka libaki hapa mlangoni."

Mlango namba nne bado una watu. Msimamizi anatokea upande wa pili wa kaunta akiwa na bunda lake la lebo. Anatazama saa.

"Dada Tepu, tuna dakika kumi na tano."

"Na mimi nina watu tisa, bosi."

Msimamizi anaitazama foleni, kisha lebo. Anakwenda hadi mwisho wa mstari, kwa mwanamke mwenye begi jekundu. Dada Tepu anaacha alichokuwa akifanya. Kidole chake kimesimama kwenye tepu.

"Samahani mama," msimamizi anasema. "Kabla sijafunga, nitolee betri."

Mwanamke anainama na kuanza kutafuta chini ya nguo. Anatoa moja, halafu ya pili. Msimamizi anazipokea, kwa viganja viwili, na kuzigeuza bila kujua vizuri anachotafuta.

"Dada," anaita, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa. "Hebu nikatie tepu."